Wiki Ambayo Simu Zote Zilikuwa Kijani

Nilipewa kazi ya kufanyia nyumbani kwa sababu mtandao wa kwetu ni mbovu, na nikanyang'anywa kwa sababu mtandao wa kwetu ni mbovu. Waliofanya yote mawili ni watu walewale wa ofisi ileile, na mpaka leo sijasikia kwamba hata mmoja wao aliona ajabu. Mimi niliona. Sasa naishi Arusha kwenye chumba cha kupanga, naamka naenda kukaa katikati yao, mtandao haukatiki hata dakika moja, na baba yangu yuko kijijini kwetu Daudi, wilaya ya Mbulu, anapikiwa uji na jirani. Ndiyo, bado niko kwao, mshahara wao nauhitaji. Dawa za baba hazijui hasira zangu.

Nilikuwa nimerudi Daudi baada ya baba kupata kiharusi. Mama alishatangulia, kaka zangu wana familia zao mbali, na kwenye kikao cha ukoo ilionekana kwamba mimi, mwanamke nisiye na mume wala mtoto, sina cha kuacha mjini. Hakuna aliyetamka hivyo, ila macho yote yaligeukia kwangu. Sikukataa. Nilimpenda baba kuliko nilivyoipenda Arusha, na hiyo si sifa, maana Arusha sikuipenda kabisa.

Baba alikuwa katekista kwa miaka mingi, mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu na kusikilizwa. Sasa mkono wake wa kulia ulining'inia na mdomo ulivutwa upande mmoja. Alihitaji mtu wa kumfunga vifungo, wa kumnyoosha vidole asubuhi na jioni kama tulivyoelekezwa hospitali, na wa kumgombeza alipojifanya amepona. Vidole vile vilikuwa vinarudi polepole, na daktari alisema vitarudi kama kuna mtu wa kuvishughulikia kila siku. Kila siku, alirudia, akiniangalia mimi. Kwa hiyo sikuhitaji kazi yoyote tu. Nilihitaji kazi ambayo ingeniacha nikae pale.

Fani yangu ni kujaribu programu za simu kabla hazijawafikia watu. Ofisi moja ya Arusha ilikuwa inatengeneza programu ya wafugaji: ng'ombe akiugua, mwenyewe anapiga picha, anaandika dalili, anabonyeza kutuma, na taarifa inamfikia daktari wa mifugo. Walitaka kuanzia Hanang, wilaya ya jirani yetu. Kiongozi wa timu, kijana mchangamfu aliyenizidi kila kitu isipokuwa umri, alinisaili kwa simu, na sauti yangu ikakatika katikati ya salamu. Nikajua kazi nimeshaikosa. Laini iliporudi nilimkuta anacheka kwa furaha.

"Dada, hicho ndicho tunachokitafuta," alisema. "Hapa ofisini kila jaribio linapita. Tunataka mtu anayeishi kwenye shida yenyewe."

Basi shida yangu ikapata mshahara. Nilimshukuru Mungu, na nilimshukuru yule kijana pia, kwa moyo mweupe kabisa.

Walinitumia simu sita za aina ambazo wafugaji wanazo, zile za bei ndogo zenye vioo vya kupasuka ukizitazama vibaya. Seremala wa jirani akanichongea rafu ya ubao, nikaiweka dirishani. Kila asubuhi simu zilipokea kazi kutoka kompyuta ya Arusha, na baada ya hapo zilijiendesha zenyewe. Programu inajifungua, vitufe vinajibonyeza, picha ya ng'ombe inatumwa, na mwishoni simu inaangalia kama taarifa kweli imefika upande wa pili. Ikifika, kioo kinakuwa kijani. Isipofika, chekundu. Kazi yangu ilikuwa kusoma rangi hizo, kutafuta sababu na kuwaandikia.

Baba alizipenda simu zile kuliko nilivyotegemea. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi mabegani, akiziangalia zikifungua na kufunga. "Hizi hazina mikono na zinafanya kazi," alisema siku moja. "Mimi nina miwili, nimekaa." Nilimkemea, naye akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Kuanzia siku hiyo akajipa kazi ya kunitangazia matokeo kabla sijafika kuyaona. "Mwanangu, ya tatu imekasirika." "Mwanangu, leo mbili zina afya."

Zenye afya zilikuwa chache. Nyumba yetu iko chini ya mgongo wa kilima, na jaribio lililopita saa tatu lilianguka saa nne bila mtu yeyote kuigusa programu. Ofisini jaribio la namna hiyo wanaliita kigeugeu, na kigeugeu haaminiwi, ananyamazishwa. Lakini mimi nilifuatilia na nikaliona kosa, wala halikuwa limejificha. Kabla ya kutuma, programu ilifanya ukaguzi mdogo wa mtandao. Iliita kompyuta ya ofisi: upo? Ikijibiwa nipo, ilihesabu kwamba mtandao upo, ikamwandikia mfugaji kwamba taarifa imetumwa. Haikungoja kuona kama imekwenda kweli. Sasa neno dogo kama lile linapenya hata kwetu, hata siku ya ukungu. Picha ya ng'ombe haipenyi.

Niliwaandikia hayo kwa kirefu. Jibu lililokuja ni kwamba tuongeze marudio. Jaribio likianguka lirudiwe, likianguka tena lirudiwe tena, na likipita hata mara moja liandikwe limepita. Nikawaambia hiyo ni sawa na kumhoji mtu mpaka achoke akubali kwamba aliiba. Kiongozi akacheka, akasema dada una maneno wewe. Marudio yakaongezwa, na simu zangu zikaendelea kuwa nyekundu.

Ndipo nikaanza kuona lugha ya barua pepe zao ikibadilika. Mwanzoni nilikuwa "mazingira halisi ya kijijini," na kuna mahali waliniweka mpaka kwenye maelezo kwa wafadhili wa mradi, na picha ya rafu yangu. Baadaye nikawa "kituo cha dada." Mwisho nikawa "tatizo la Mbulu," utafikiri wilaya nzima ina ugonjwa wa kuambukiza. Wafadhili walikuwa wanangoja kuona kazi imekamilika, na kila wiki walioneshwa rangi. Safu ya Arusha ilikuwa kijani tupu, na chini yake safu yangu ilikuwa inawaaibisha. Nilivikwa kilemba cha ukoka siku ya kwanza, na sasa walikuwa wanatafuta namna ya kukivua bila mtu kuona.

Katika hali hiyo mama mkubwa, dada yake mama, akafariki huko Balangdalalu, Hanang, alikoolewa. Baba hakuweza kusafiri. Aliniambia niende kwa niaba ya nyumba, na nisirudi kabla mambo hayajakwisha, kwa sababu mama mkubwa ndiye aliyekesha na mama yangu siku zake za mwisho. Jirani yetu, mama wa nyumba ya juu, alisema nisiwe na wasiwasi na mzee wala ng'ombe. Nikaaga ofisini, nikaziacha simu dirishani zikijiendesha, nikapanda basi.

Balangdalalu si kama kwetu. Kwetu kuna baridi na mikaratusi na mashamba yanayopandana juu kwa juu. Kule ni tambarare, upepo na vumbi, na mifugo mingi kuliko watu. Nilifika msibani nikakuta wazee wamekaa kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa, na wengine wa upande wa baba mkubwa, ambao hawasali, wamekaa kando na mashuka yao na fimbo. Nikawapitia mmoja mmoja. Shikamoo. Marahaba, habari za huko? Nzuri. Za hapa? Nzuri. Nzuri, na maiti iko ndani. Ndivyo tulivyo. Kila mtu wa hapa anajua kwamba "nzuri" ni mlango tu, unabisha, unafunguliwa, unakaa, na ndipo unaambiwa "ila." Habari zote ziko kwenye hiyo "ila." Nilikaa pale kwenye mkeka wa kina mama nikawaza ule ukaguzi wao wa mtandao, unaouliza habari, unajibiwa nzuri, na unaondoka mbio kwenda kutangaza kwamba huko wote wazima. Mtu wa kwetu asingeweza kuuandika ule ukaguzi. Angengoja.

Tulizika. Siku iliyofuata kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipeleka zizini tukazungumze. Ni mfugaji, na alikuwa kati ya wachache waliowekewa ile programu kwa majaribio. Hakujua kwamba mimi nahusika nayo. Nilipomuuliza mbona zizi limepungua, alitoa simu mfukoni akanionesha kwanza, ndipo akaeleza.

"Ndigana, hii ya kupe," alisema. "Tezi zilivimba hapa shingoni, ndama wawili, halafu na yule mweusi wa maziwa. Nikapiga picha kama walivyotufundisha. Nikabonyeza. Ikaniambia imetumwa, ikaweka na tiki ya kijani. Si hii hapa?"

Ilikuwa hapo. Tiki safi kabisa.

"Nikasema basi, daktari anakuja. Nikakaa."

"Ukakaa tu?"

"Sasa dada, si imesema imetumwa? Ningejua haijaenda ningechukua pikipiki nikaenda Katesh mjini mwenyewe. Si ndivyo tunaendaga siku zote? Tunaenda, tunamleta daktari, anachoma sindano, ng'ombe anasimama. Hii ndiyo ikanikalisha, wote watatu wakafa. Mama akawa ananiuliza kila asubuhi, daktari amefika? Namwambia ameshaambiwa, anakuja. Yule mweusi alikuwa wake. Maziwa yake ndiyo alikuwa anakunywa, chakula kingine kilikuwa kinamkataa."

Sikusema kwamba mama mkubwa alikufa kwa sababu ya maziwa. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu na kaka hakusema hivyo pia. Lakini nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayeijaribu hiyo programu, nikatamani ardhi inimeze.

"Wewe?" alisema. "Na hukuliona hili?"

"Nililiona. Nimewaandikia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema ni tatizo la mtandao wa kwetu."

Alicheka kile kicheko ambacho si cha furaha, akairudisha simu mfukoni. "Basi waambie tena," alisema. "Waambie umeona zizi kwa macho yako."

Nilirudi Daudi na hotuba kichwani. Njia nzima nilikuwa naipanga, naiongeza chumvi, naipunguza. Nilikuwa na picha za zizi, nilikuwa na picha ya kioo cha simu ya kaka, nilikuwa na jibu la kila swali. Safari hii wangenisikiliza. Nilifika nyumbani nikamkuta baba amekaa nje juani amevaa koti lake la Jumapili, na siku hiyo haikuwa Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba. Umewaachaje?"

Nikampa habari za msiba kwa utaratibu wake, nani alikuja, nani alisali, walizika wapi. Alisikiliza yote. Kisha akasema, huku akijizuia kutabasamu, "Ingia ndani kwanza uangalie dirishani."

Niliingia. Rafu haikuwepo. Ukutani ilibaki misumari tu. Nilitoka nje mbio nikipiga kelele kwamba tumeibiwa.

"Hakuna aliyeiba," alisema baba, na sasa alishindwa kujizuia. "Tumezihamisha. Zilikuwa zinateseka."

Inabidi nieleze jinsi tulivyo. Kwetu mtu akienda msibani, kazi yake haisimami. Majirani wanagawana. Huyu atakamua, huyu atapalilia, huyu atapeleka ng'ombe majini, na ukirudi usikute hata kitu kimoja kimelala. Ni aibu kwa mtaa mzima mfiwa akirudi akakuta ndama wake wamekonda. Sasa siku ile ya kwanza nilipoondoka, baba aliangalia dirishani akaona simu zote sita ni nyekundu. Siku ya pili vilevile. Akamwita mama wa nyumba ya juu, akamwita seremala, akawaambia: mtoto wangu yuko msibani na kazi yake inaharibika, ofisini kwake watasema nini? Nao wakaona jambo hilo ni dogo. Kila mtu wa kwetu anajua mtandao ulipo. Upo juu kwenye mgongo wa kilima, penye duka karibu na shule ya msingi, ambako watu wote wa bondeni hupanda wakitaka kupiga simu. Seremala akaing'oa rafu, akaibeba kichwani na simu zake, wakapanda.

"Mzee alipanda mwenyewe," mama jirani aliniambia, maana alikuwa ameshafika uani. "Kwa miguu yake. Alipumzika njiani, akapumzika tena, tukamwambia rudi mzee, akakataa. Amefika mpaka juu!"

Tangu kiharusi, baba hakuwahi kupita geti la zizi. Mimi nilikuwa nimembembeleza aende mpaka barabarani, akakataa. Nilimwangalia pale kwenye kiti, na koti lake la Jumapili, na nikaelewa kwamba alilivaa kwa ajili yangu. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kelele, na sikujua kipi kianze.

Nikapanda kilimani. Rafu ilikuwa juu ya meza ya duka, imeunganishwa kwenye umeme, imefunikwa khanga kwa ajili ya vumbi. Kwenye benchi alikuwepo mke wa seremala akibangua maharage, zamu yake ya kuzichunga. Akanisalimia, akaifunua khanga kwa madaha kama anayefunua chakula. Zote sita zilikuwa kijani. Nikafungua kumbukumbu za wiki nzima, na kuanzia siku ile walipozipandisha hakukuwa na jaribio hata moja lililoanguka. Wiki ambayo nilikuwa nimesimama kwenye zizi lililopungua la kaka yangu, mashine zangu zilikuwa zinaitangazia Arusha kwamba mambo ni mazuri.

"Tumejitahidi?" aliuliza.

"Mmejitahidi sana," nikamwambia. "Asanteni."

Simu ya kiongozi wa timu iliingia asubuhi iliyofuata, niko nyumbani nimesimama kwenye kona ya jikoni ambako laini inashika ukitulia.

"Dada, pole na msiba," alisema. "Halafu na hongera! Umeona safu yako? Tumeshawaonesha wafadhili. Wamefurahi mno."

Nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia simu zilihamishwa kwenda kilimani penye mtandao mzuri, kwamba programu haijabadilika hata herufi, kwamba nimetoka Balangdalalu na nimeona tiki ya kijani kwenye simu na ng'ombe waliokufa chini yake. Nilipofika kwenye ng'ombe sikusikia pumzi yake tena. Sauti ikarudi ikisema, "Haloo? Dada, upo?"

"Nipo. Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia mwanzo. Kwamba ulizihamisha."

"Hazikuhamishwa na mimi. Sikiliza sehemu ya ng'ombe."

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo mahali penye mtandao papo, tena karibu na kwako. Sasa muda wote huo ulikuwa unaziweka bondeni kwa nini?"

Niliona giza. Nasema kweli, mchana kweupe niliona giza.

"Kwa sababu mliniajiri niziweke bondeni!"

"Dada, tusipandishiane sauti. Hapa hakuna anayekulaumu. Tumekaa kama timu tumeamua. Programu inakwenda kwa wafugaji wote. Kituo cha Mbulu tunakifunga, kimetuchelewesha sana, na sasa tumeona wenyewe kwamba tatizo halikuwa programu. Wewe tunakuhitaji bado. Lakini uje ofisini, ukae na wengine."

"Baba yangu anaumwa. Mnajua kwamba nipo hapa kwa ajili yake."

"Tunajua, ndiyo maana tumekupa mpaka mwisho wa mwezi. Kila mtu ana wazazi, dada."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni. "Simu zile zilipandishwa na baba na majirani wakati mimi nazika! Wasingezigusa zingekuwa nyekundu mpaka leo, na mngelazimika kunisikiliza!"

Haikuwa hata kweli. Walikuwa hawanisikilizi tangu zamani, zikiwa nyekundu, na wangepata sababu nyingine. Lakini hasira haichagui maneno, inachukua lililo karibu. Nilipogeuka baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mhimili kwa mkono wake mzima.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema.

"Hapana, baba."

"Nimesikia, mwanangu. Kilichopinda ni mdomo, masikio yangu ni mazima."

Nilimkalisha nikamweleza. Nilimwambia kwamba simu zile ziliwekwa pale makusudi ili zipate shida, kwamba nyekundu ndiyo ilikuwa ushahidi, na kwamba hata hivyo si kosa lake, watu wale walikuwa wanatafuta njia ya kunifunga mdomo na wangeipata tu. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa kipaimara ambao hawakusoma, akitikisa kichwa kwa upole na bila kuamini. Aliuliza swali moja tu, Arusha nitaenda lini. Jioni ile hakutaka kunyooshwa vidole. Nilikaa naye na mkono wake ulikuwa mzito mapajani kwangu. Seremala alikuwa ameirudisha rafu na simu zake, akapigilia misumari kimyakimya, akaondoka bila kunywa chai.

Kesho yake nilipoamka kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na rafu ilikuwa tupu, na kitanda chake kilikuwa kimeachwa wazi. Nilizunguka nyumba nikimwita. Mama jirani alisema amemwona alfajiri akishuka na kikapu kuelekea mtoni, akadhani anakwenda shambani tu, akafurahi kwamba siku hizi mzee anatembea.

Njia ya mtoni ni mbaya hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Nilishuka nikiteleza kwenye umande. Nilimkuta chini kabisa, mahali ambapo kingo zinabana na jua linachelewa kufika. Alikuwa amekaa kwenye majani mabichi. Goti moja la suruali lilikuwa na tope, na kiganja cha kushoto kilikuwa kimechubuka. Alikuwa ametandika blanketi lake na kuzipanga simu sita juu yake, kwa mstari, vioo juu, kama zilivyokuwa kwenye rafu.

"Hapa hakuna kabisa," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Nimekagua huku na huku. Hapa ndipo penye shida kuliko pote. Ziache ziwe nyekundu, halafu wapigie hao wakubwa wako, waambie mzee ndiye aliyekosea, na sasa amezirudisha."

Nilichutama, nikachukua moja. Kioo kilikuwa cheusi, kimebaki na mstari mdogo tu wa maandishi: kifaa kimefungwa na ofisi, na saa ya kufungwa. Nikachukua ya pili. Ofisi ilikuwa imeshazifunga zote jana yake, muda mfupi baada ya ile simu, kabla hazijashushwa kutoka kilimani.

"Baba," nilisema, "wamezifunga."

Alibonyeza moja kwa kidole gumba, kisha nyingine.

"Wamezifunga bila kuziangalia tena?"

"Bila kuziangalia."

Akaanza kuzikusanya kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, akizifuta umande kwenye suruali kabla ya kuziweka kikapuni. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akakataa.